Aliondoka Saa Saba Mchana

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne ikishakwisha mwezi Novemba, Kariakoo hupokea wafanyakazi wapya ambao hata miaka 18 hawajatimiza. Hawaji na barua za maombi. Huletwa. Jirani, mama mdogo, mzee wa msikitini au mama wa jumuiya humwendea mwenye duka anayemfahamu na kumwambia: nimekuletea mtoto, ni mwaminifu, kaa naye hapa mpaka matokeo yatoke. Basi wanasimama madukani, wanapanga viatu, wanahesabu vipuri vya bodaboda, wanakunja nguo, huku wakisubiri matokeo na, kwa watakaochaguliwa, safari ya kidato cha tano mwezi Julai. Na kila mwaka wapo wanaoamka alfajiri, wakapanda daladala kama kawaida, wakafungua duka kama kawaida, na kabla jua halijatua wameacha kazi bila kumuaga mtu.

Sisi watu wazima hulimaliza jambo hili upesi mno. Tunasema ni utoto, tunasema kizazi hiki hakina subira, kisha tunahamia mazungumzo mengine. Mimi nataka kulikalia, kwa sababu naamini ndani ya uamuzi ule wa ghafla mna kitu chenye thamani kubwa, na mna kitu kinachoumiza watu, na sisi tumezoea kuvitupa vyote viwili kwa pamoja.

Ninayemfikiria ni binti wa kaka yangu. Alikuwa na miaka 17, ametoka shule, na kazi aliyopatiwa ilikuwa katika duka la vitenge kwenye mtaa mmoja unaokatiza Msimbazi. Alikuwa akitoka Mbagala gizani, akigombania gari Rangi Tatu, ili saa mbili asubuhi awe ameshafagia mbele ya duka.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonionyesha kwa mikono yake, sebuleni kwetu, kwa kanga ya mama yake. Mteja anataka kuona maua. Binti anavuta kitenge katikati ya rundo, mkono mmoja umekandamiza vya juu ili rundo lisianguke. Anakitandaza kwenye kaunta, anashika ncha mbili, anakiinua kidogo ili mteja auone upindo. Mteja anasema hapana, kile cha kijani. Anavuta cha kijani. Kile chenye ndege. Anavuta chenye ndege. Mteja anauliza bei, anatajiwa, anasema anazunguka kidogo atarudi. Kaunta imejaa. Sasa anakunja: katikati, tena katikati, ncha zilingane, lebo ya kiwandani ikae juu upande wa mteja, halafu kiganja kinapita juu yake kutoa hewa. Kimoja baada ya kingine mpaka kaunta iwe tupu, na kabla haijawa tupu mteja mwingine ameshaingia.

Kigoda kilikuwepo nyuma ya kaunta. Hakuruhusiwa kukikalia, kwa kuwa mteja akimkuta muuzaji amekaa ataona duka halina biashara. Alisimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa za kawaida zisizozidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na zinazozidi hapo zina malipo yake ya ziada. Dukani pale hakuna aliyewahi kuitaja. Ndivyo mtaa mzima unavyofanya kazi, na mtoto aliyeletwa kwa hisani hawezi kuuliza saa.

Siku aliyoacha haikuwa na kisa. Mwenye duka alikuwa ametoka. Mwenzake, binti mwingine mkubwa kwake kidogo, alikuwa akimhudumia mteja upande wa pili. Mpwa wangu akamaliza kukunja kitenge alichokuwa nacho, akakipiga kiganja, akakirudisha kwenye rundo mahali pake, akachukua pochi yake chini ya kaunta, akasema, "Naenda." Mwenzake alidhani anakwenda kununua chakula. Ilikuwa saa saba mchana.

Nyumbani mama yake alimwambia hasira hasara. Nilipomuuliza kwa utulivu siku ya pili, alinijibu, "Sikukasirika, shangazi. Hakuna aliyenitukana. Nilikiangalia kile kitenge nikakitambua. Ni kile kile nilichokikunja juzi, na jana, na kesho ningekikunja tena. Mikono ikakataa."

Nimelitafakari sana jibu hilo. Tunaita uamuzi wa namna hii wa ghafla kwa sababu sisi tumeuona ukitokea kwa ghafla. Ndani yake ulikuwa ukipikwa kwa muda mrefu, kila siku, miguu ikivimba, na hakuna aliyeuliza. Mtu mzima mwenye kazi ya kuchosha ana mahali pa kuutolea uchovu wake: anawasimulia wenzake kijiweni, anamlalamikia mkewe au mumewe, anaomba ruhusa ya ugonjwa. Kijana wa miaka 17 akisema kazi inamchosha anajibiwa ashukuru kwamba anayo. Akijibiwa hivyo mara mbili hasemi tena. Kinachofuata ni siku ya kuchukua pochi.

Wala si kweli kwamba ni mvivu. Binti huyu husuka nywele. Jumapili hukaa nyuma ya kichwa cha jirani tangu asubuhi hadi magharibi, akigawa nywele kwa ncha ya kitana, akisuka msuko mwembamba, anaumaliza, anaanza mwingine. Kazi hiyo nayo ni kurudia jambo moja siku nzima, tena inaumiza mgongo kuliko kukunja vitenge. Sijapata kumsikia akiilalamikia. Msuko ukiisha umeisha. Kichwa kinajaa upande mmoja, kinajaa upande wa pili, na jioni mtu anasimama mbele ya kioo akiwa si yule aliyekuja asubuhi. Dukani, kila alichokifanya kilifunguliwa tena na mteja aliyefuata. Naamini kijana anaweza kuvumilia kurudia. Asichoweza kukivumilia ni kurudia ambako hakuachi kitu, si mezani, si kichwani mwake.

Na hapa ndipo ninapomlaumu mwenye duka, naye si mtu mbaya. Duka lile lilikuwa shule kubwa. Waliingia pale wanunuzi kutoka Lubumbashi, kutoka Lusaka, kutoka Moroni, watu wanaonunua kwa marobota na kujua ni ua lipi litauzika kwao msimu huu na lipi litadoda. Mzigo ulitoka China, ukapita bandarini, ukatolewa kwa nyaraka na ushuru, ukagawanywa kwa jumla na rejareja. Bei ilipanda na kushuka kwa sababu ambazo mwenye duka alizijua vizuri sana na kuzijadili kwenye simu kutwa nzima, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama mtoto aliyefaulu hisabati. Hakuna siku aliyoambiwa, njoo usikilize. Hakuna siku aliyoonyeshwa daftari, wala kuruhusiwa kutoa risiti kwenye mashine ya EFD. Aliambiwa akunje. Kazi nyingi tunazoziita za kuchosha zimefanywa hivyo na anayezigawa, anayejibakizia sehemu yote yenye akili na kumpa mtoto sehemu ya mikono tu.

Hoja ya subira, ninaijua. Wanaoipenda humtaja Shaaban Robert, na wana haki. Alizaliwa mwaka 1909 na mwaka 1926, akiwa na umri ule ule wa mpwa wangu, aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Alidumu huko mpaka mwaka 1944, miaka 18 ya kuandika hesabu za mizigo ya watu wengine, na bado hakuacha utumishi. Alihamia idara nyingine za serikali. Ndani ya miaka hiyo ya ukarani Kiswahili kilipata mwandishi wake mkubwa. Basi tunawaambia vijana: mwoneni, hakuacha.

Lakini tuitazame kazi yake kwa haki. Ilikuwa kazi ya kalamu, yenye mshahara unaojulikana na cheo kinachopanda, katika zama ambazo Mwafrika msomi alikuwa na milango michache mno ya kubisha. Na ilikuwa na saa ya kufunga. Karani aliporudi nyumbani jioni, jioni ilikuwa yake, na ndiyo aliyoifanyia kazi iliyobaki. Nadhani hilo ndilo swali la kumuuliza kijana kabla ya kumhubiria subira: kazi hiyo inakuachia nini? Ipo kazi ya kuchosha inayokuachia jioni yako, nguvu kidogo, na senti za kununulia daftari. Hiyo nitamshauri mtoto yeyote akae nayo, hata kwa miaka. Anayefika Mbagala saa tatu usiku na kuamka saa kumi alfajiri hajaachiwa kitu, na kumwambia awe kama Shaaban Robert ni kumdai bila kumpa.

Kuna jambo lingine linalonifanya nisite kumgombeza mtu anayechukua pochi yake na kuondoka, nalo linahusu mahali penyewe. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps, waliowekwa hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wengi wao walikamatwa vijijini na kubebeshwa mizigo ya vita. Walikufa kwa maelfu mengi, kwa kuhara, kwa njaa na homa zaidi ya kwa risasi. Hakuna mmoja wao aliyeweza kuuweka mzigo chini na kusema naenda. Njia ilikuwa moja, kutoroka, na aliyetoroka aliwindwa.

Vita ilipokwisha, kifungo kiliendelea kwa njia ya karatasi. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, na chini yake mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alikuwa amefanya kosa la jinai, la kutozwa faini au kufungwa. Wazee waliokwenda kukata mkonge Tanga, Korogwe na Muheza waliyajua hayo kwa miili yao. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, alisafirishwa kutoka Songea au Kigoma, akapewa kipande chenye siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza ngwe yake haikuandikwa. Kazi yao ilichosha kuliko vitenge vyovyote. Hakuna aliyewauliza kama wana subira, waliwekewa polisi.

Wala haya hayajawa historia kwa kila mtu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na wengi waliohojiwa walieleza jinsi waajiri walivyochukua pasipoti zao. Chini ya mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta, anayetoka nyumba ya mwajiri bila ruhusa yake anaweza kushtakiwa kwa kutoroka. Na hapa hapa kwetu, katika nyumba zenye geti na nyumba zisizo na geti, wapo mabinti wa miaka 15 na 16 walioletwa kutoka mkoani kufanya kazi za ndani, ambao mshahara wao "unatunzwa" na mama mwenye nyumba, na ambao hawajui hata stendi ya kurudi kwao iko upande gani. Asubuhi moja dada haonekani, kitanda kimetandikwa, na mtaa mzima unasikitika kwamba wasichana wa kazi hawana shukrani. Kwa wengi wao kuondoka bila kuaga ndiyo njia pekee ya kuondoka, maana wangeaga wasingeruhusiwa.

Kwa hiyo ninapomwona mtoto wa miaka 17 anatoka dukani mchana kweupe, anapita Msimbazi, anapanda gari la kurudi kwao, na hakuna anayemfuata, hakuna anayemkamata, naona jambo ambalo babu zake walinyimwa. Alilitumia bila kufikiri. Lilikuwa lake hata hivyo, na sitaki ajifunze kuliogopa.

Hata hivyo kuna watu aliowaumiza, nami nisingemtendea haki kama nisingemwambia. Mwenye duka si mmoja wao. Aliyesimamisha mtoto saa kumi na moja kwa siku asishangae akiachwa. Nawafikiria wawili wengine. Wa kwanza ni mama aliyempeleka. Mama huyu anauza chapati asubuhi nje ya jengo lile, na mali yake kubwa mjini ni kwamba akisema neno linaaminika. Alilitumia neno hilo kwa ajili ya mtoto wetu. Mtoto alipoondoka kimya, aliyeulizwa ni yeye, mbele ya wateja wake, na ikambidi aseme hajui. Kijana mwingine wa mtaa wetu aliyekuwa akisubiri kupelekwa kwenye duka la jirani hakupelekwa. Dar es Salaam maelfu ya watu hupata riziki kwa kuombewa na mtu, na anayeondoka bila kuaga anamfungia mlango mtu ambaye hata hamjui.

Wa pili ni yule binti mwenzake. Alikunja peke yake tangu saa saba mpaka duka lilipofungwa, siku ile na siku zilizofuata, kwa malipo yale yale. Nilipomtaja huyu ndipo mpwa wangu alipolia. Hakuwa amemfikiria, na alipomfikiria alimwona wazi kabisa: bado amesimama, kaunta imejaa. Nadhani machozi yale yalimfundisha zaidi ya hotuba zote za subira alizopewa nyumbani. Jioni hiyo hiyo alimpigia simu. Kwa mama wa chapati alikwenda mwenyewe, alfajiri, akamsaidia kusukuma donge mpaka wateja walipoanza kuja. Walizungumza nini sikuuliza.

Yalibaki malipo. Mpwa wangu alikuwa akilipwa kwa hesabu ya kutwa, lakini fedha zilikuwa zimelimbikizwa kwa wiki kadhaa, na nyumbani kila mtu aliamini amezipoteza. Nilikwenda naye. Mwenye duka alitupokea kwa heshima, akaagiza soda, akaniambia, "Dada yangu, mimi nilianza nikiwa mdogo kuliko huyu, nalala juu ya marobota, sikumwacha bosi wangu mpaka aliponipa baraka. Anayeondoka bila kuaga hana malipo." Nilimwamini aliposema alilala juu ya marobota. Ilionekana usoni kwamba alikuwa akisimulia jambo lililomuuma na ambalo amelazimika kulifanya fahari ili aweze kuishi nalo.

Nikamweleza sheria inavyosema. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, akishapita mwezi wa kwanza, anapaswa kutoa taarifa ya siku nne, na taarifa hiyo iwe ya maandishi. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku saba. Anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika siku hizo za taarifa, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo peke yake. Siku alizokwisha kufanya kazi ni zake, hata kama aliondoka vibaya kiasi gani. Alinyamaza. Kisha akafungua droo, akahesabu, akatoa siku nne, akamkabidhi mtoto mkononi na si mimi. Mpwa wangu akasema, "Samahani mjomba, sikuaga." Akajibiwa, "Haya mwanangu, soma."

Siandiki haya kwa kuwa mambo yalimnyookea baadaye. Alirudi nyumbani akakaa, na kukaa nyumbani Mbagala bila senti si mapumziko. Umeme ulikatika zaidi ya mara moja kwa kukosa fedha ya LUKU, ile iliyokuwa ikitoka kwenye malipo yake, na mama yake alimkumbusha kila ulipokatika. Anasuka vichwa vinapopatikana. Kuondoka kuligharimu, na gharama hiyo aliilipa pamoja na watu wasioamua.

Kama unaye kijana anayeanza kazi yake ya kwanza mwaka huu, kaa naye kabla hajaanza, umwambie mambo ambayo sisi wa kwetu hatukumwambia. Mwambie kiasi cha malipo na siku ya kulipwa vijulikane tangu mwanzo, na kwamba maelezo ya ajira yanatakiwa kuandikwa. Mwambie idadi ya saa. Mwambie siku nne za taarifa, au saba, au 28, kulingana na muda wake na anavyolipwa, na kwamba akiondoka anastahili malipo yake yote na cheti cha utumishi, na akinyimwa ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwambie anaweza kuacha. Mwambie amuage aliyempeleka na mwenzake wa kaunta kabla ya kumuaga tajiri. Na kama wewe ndiye mwenye duka, mpe mtoto kigoda akae wakati hakuna mteja, na siku moja kwa wiki mfungulie daftari.